Barua Tatu za Anyesi Mazengo

Nyumbani kwake Nzuguni, Anyesi Mazengo hakujulikana kwa hasira. Mumewe, Methusela, alizoea kuwaambia watu kwamba katika miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kurushiwa hata kifuniko cha sufuria. Hasira za Anyesi zilikuwa za kazini. Zilianza asubuhi alipofungua mlango wa ofisi, zikapanda taratibu kama maji ya chai, na ikifika saa tisa alasiri alikuwa amekwishamwambia mtu mmoja au wawili kwamba kama wangekuwa wanajenga banda la kuku, kuku wangehama.

Alikuwa msimamizi wa ujenzi wa serikali mjini Dodoma. Kazi yake ilikuwa kwenda saiti, kutazama kama kinachojengwa kinafanana na kilichochorwa, na kuandika ripoti. Aliifikia kazi hiyo kwa kupanda ngazi moja moja. Mwaka 1975, makao makuu ya nchi yalipoanza kujengwa na kila mwenye mikono alihitajika, alikuwa kibarua wa kubeba maji. Mafundi walimcheka msichana wa Kigogo aliyejifunga kanga kiunoni akaomba mwiko apange tofali. Baada ya miaka mitatu walikuwa wakimwita aje awakagulie kona zao, maana ukuta uliopinda kwa upana wa kidole aliuona kabla timazi haijashushwa. Akapelekwa kusoma, akarudi na cheti cha fundi sanifu, akapewa meza.

Siku hizo serikali ilijenga yenyewe. Idara ilikuwa na mafundi wake, lori lake, karakana yake ya useremala, na mchoraji wake aliyekaa chumba cha pili kutoka kwa Anyesi. Ukikuta ramani ina kosa, unagonga mlango wa pili. Anyesi hakuwa mtu wa kuusifia mtindo ule kupita kiasi. Alikumbuka vizuri mwaka 1983, walipokaa miezi minne wakisubiri misumari, na saruji iliyotoka stoo mifuko mia ikafika saiti themanini, na hakuna aliyeshangaa. Lakini angalau aliyechora, aliyejenga na aliyesimamia walikula ugali katika mgahawa mmoja, na ugomvi wao uliishia hapohapo mezani.

Kisha zikaja tenda. Karakana ilifungwa, lori likapigwa mnada, mafundi wakaambiwa wakajiajiri. Kila kazi ilitangazwa gazetini, na aliyetaja bei ya chini kuliko wote ndiye aliyepewa. Mchoraji sasa alikuwa kampuni ya washauri huko Dar es Salaam. Mjenzi alikuwa mkandarasi. Serikali yenyewe ikaitwa mteja, na neno hilo lilimkera Anyesi tangu siku ya kwanza. "Mteja ni mtu anayenunua nyanya," alisema. Kila mmoja alikuwa na mkataba wake, na mikataba ile iliandikwa na watu walioogopa kushitakiwa. Msimamizi hakuruhusiwa kumwambia mkandarasi abadilishe chochote. Alitakiwa amwandikie mkuu wake, mkuu amwandikie mhandisi mshauri, mshauri amwandikie mkandarasi, na nakala ziende kwa bodi ya zabuni.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ilipokuja kazi ya Makulusi.

Makulusi ni kijiji kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka mjini. Unafuata njia ya Chamwino, kisha unaacha lami na kuingia vumbini. Kilikuwa kimepata bahati ya kujengewa wodi ya wazazi kwa fedha za wafadhili. Wanakijiji walitoa mawe na mchanga kwa mikono yao. Mwenyekiti wa kamati yao alikuwa Paskazia, mkulima wa uwele na karanga, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mwaka uliotangulia mkwewe alijifungulia juu ya mkokoteni wa punda katikati ya njia, na Paskazia ndiye aliyekata kitovu. Kwa hiyo kuhusu wodi hiyo hakuwa na utani.

Mwezi wa saba mwaka 1997 mkandarasi alianza kuchimba msingi. Aliitwa Wambura, mtu wa Musoma, mnene, mcheshi, aliyeanza na lori moja la kukodisha na sasa alikuwa na kampuni iliyoandikishwa. Anyesi alifika saiti siku ya pili, akatazama mtaro, akatazama ramani, akatazama tena mtaro. Ramani ilisema kina cha sentimita sitini, yaani kinafika juu kidogo ya goti. Ilikuwa ramani moja kwa wodi zote za mradi ule, katika mikoa mitatu. Lakini udongo wa pale ulikuwa udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono hadi kiwiko, na masika unavimba kama donge lililotiwa hamira. Alichukua fimbo ya kupimia akaichomeka kwenye ufa kando ya mtaro. Ikazama karibu yote.

"Bwana Wambura," alisema, "hapa nyumba haitakaa juu ya msingi huu."

"Mama, unachokiona na mimi nakiona."

"Sasa unachimba nini?"

"Nachimba kilichochorwa. Ndicho nilichosaini. Nikizidisha hata shubiri moja bila karatasi, nani atanilinda? Nipe karatasi, nitachimba mpaka tuwaone majini."

"Hukuuona udongo huu kabla ya kutaja bei yako?"

Wambura alicheka, ila si kwa furaha. "Nani alinileta kuona udongo? Niliambiwa nijaze fomu. Na ningeweka msingi mrefu kwenye bei yangu, tenda angeipata mwenzangu aliyeweka mfupi. Wewe ungekuwa unagombana naye sasa hivi, mimi niko nyumbani nimekunja miguu."

Anyesi aliona kwamba anasema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alinyoosha mkono kuelekea stoo ya zamani ya zahanati, hatua hamsini kutoka pale, iliyopasuka katikati kama mkate. "Ile tuliijenga sisi, idara, mwaka sabini na tisa. Wazee walituonya, hatukusikia. Sasa tunakuja kurudia kosa lilelile, tena kwa tenda!"

Jioni ileile aliandika. Mkuu wake akaandika. Baada ya wiki mbili bila jibu, Anyesi alimfuata Bartolomayo, katibu wa bodi ya zabuni, mzee wa miwani aliyebakiza miaka miwili kustaafu na aliyepanga mafaili yake kwa rangi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Anyesi. Kama ni habari ya Makulusi, mabadiliko ya mkataba hayaletwi kwa mdomo."

"Nimeleta kwa maandishi mara tatu."

"Basi yanasubiri kikao."

"Kikao lini?"

"Bodi ikipata akidi."

Jibu kutoka Dar es Salaam lilikuja baada ya wiki kumi. Anyesi alilisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akalisoma tena kana kwamba kukaa kungelibadilisha. Washauri walisema hawawezi kubadilisha msingi bila taarifa ya udongo kutoka maabara, na kwamba upimaji wa udongo haumo katika kazi waliyolipwa. Alilipeleka kwa Bartolomayo. Mzee akalipitia kwa makini, akatikisa kichwa, akasema upimaji wa udongo ni huduma, na huduma lazima itangaziwe zabuni yake yenyewe, na waombaji wasipungue watatu.

"Mzee," Anyesi alisema, "tutangaze tenda ya kuchimba shimo moja?"

"Sheria haisemi ukubwa wa shimo."

Wakati barua zinasafiri, Wambura hakusimama, maana mkataba ulikuwa na adhabu ya kuchelewa. Kufikia mwezi wa kumi na moja kuta zilikuwa zimefika kwenye linta juu ya madirisha, nzuri, zimenyooka, hata Anyesi alikiri kwamba mafundi wake walikuwa na mkono. Kisha mvua zikaanza. Waliokuwepo mwaka ule wanazikumbuka. Zilinyesha Dodoma kana kwamba zimepotea njia ya kwenda Bukoba. Katika wiki ya pili Anyesi alifika saiti akiwa na matope hadi magotini, gari likiwa limeachwa ng'ambo ya korongo. Ufa ulianzia kona ya dirisha la tatu, ukashuka mshazari hadi sakafuni, mpana kiasi cha kupitisha ngumi. Ubavu wote wa kulia wa jengo ulikuwa umeinuka. Fomeni wa Wambura alikuwa ameketi juu ya karai lililopinduliwa, anautazama tu.

Anyesi aligeuka. Alirudi kwenye gari akapiga usukani kwa viganja mpaka vikawasha.

Sasa barua zikapata kasi. Mkandarasi aliandika kwamba ramani ni mbovu. Washauri waliandika kwamba ujenzi ni mbovu. Bodi iliwaandikia wote wawili kwamba haitambui hasara yoyote. Wafadhili wakauliza kulikoni. Siku moja Anyesi alipokea barua nne zenye kichwa kimoja, na kila moja ilimlaumu mtu mwingine, na mbili kati yake zilimlaumu yeye kwa kutosimamia ipasavyo. Wambura alifunga saiti, akapeleka mashine yake ya zege Mtera, alikokuwa na kazi ya kujenga soko la samaki. Wodi ikabaki imesimama mvuani bila paa, mbuzi wakaingia kujikinga.

Mwezi wa pili Paskazia alikuja mjini. Alipanda lori la mahindi, akaingia ofisini kwa Anyesi na viatu mkononi.

"Mbukwenyi," alisalimu kwa Kigogo, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili kila aliyekuwa mle chumbani asikie. "Nimekuja na swali. Ile wodi ni ya nani?"

Anyesi alianza kueleza: serikali ndiyo mteja, fedha ni za wafadhili, mkandarasi ndiye mjenzi, washauri ndio...

"Sikuuliza ukoo wake," Paskazia alimkata. "Nimeuliza mwenyewe ni nani. Maana kingekuwa kitu chenye mwenyewe, angekuwa amekuja kukiangalia. Mimi ng'ombe wangu akivunjika mguu siandiki. Naenda. Tumebeba mawe kwa vichwa, wanawake wenye mimba wamebeba mawe, na wewe Mgogo mwenzetu umekaa hapa unapepewa na feni."

"Feni lenyewe halizunguki," Anyesi alisema.

"Basi hata hilo limekushinda kutengeneza."

Paskazia alipoondoka, Anyesi alikaa muda mrefu akitazama feni. Ilimuuma kwa sababu ilikuwa kweli. Katika miezi saba, watu watatu waliokuwa na uwezo wa kuiokoa nyumba ile hawakuwahi kusimama pamoja mbele yake hata siku moja. Wambura alimfahamu mhandisi kwa sahihi yake tu. Mhandisi hakuwahi kufika Makulusi. Bartolomayo aliijua wodi kama faili la kijani.

Mkuu wake alikuwa likizo. Anyesi akavuta mashine ya kuchapa na kuandika barua tatu. Kwa Wambura aliandika kwamba mhandisi mshauri amekiri ramani ilikuwa na kosa na anakuja saiti kumaliza jambo hilo. Kwa washauri aliandika kwamba mkandarasi amekiri makosa ya ujenzi na anaomba waje saiti awaombe radhi. Kwa Bartolomayo aliandika kwamba pande zote mbili zimepatana, na kinachohitajika ni katibu kushuhudia. Zote alizitia sahihi kwa niaba ya mkuu wa idara, akagonga muhuri. Hakuna hata neno moja la kweli ndani yake isipokuwa tarehe. Aliporudi nyumbani alimweleza Methusela, naye akamuuliza kama anajua kwamba anaweza kufukuzwa. "Najua," alisema. "Nimechoka mno hata kuogopa."

Alhamisi moja ya mwezi wa nne wote watatu walifika Makulusi. Mhandisi alikuwa kijana wa Kichaga aitwaye Tumsifu, miaka ishirini na tisa, amevaa viatu vya ofisini. "Shikamoo mama," alisema, akampa mkono Anyesi, kisha akamgeukia Wambura kwa upole wa mtu anayekuja kupokea msamaha. Wambura naye alikuwa amejiandaa hivyohivyo. Walitazamana wakingoja, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

"Haya, nakusikiliza," alisema Wambura.

"Mimi ndiye ninayekusikiliza wewe," alisema Tumsifu.

Ilichukua dakika tano kugundulika. Bartolomayo alitoa barua yake kwenye bahasha, akaziomba zile mbili, akaziweka pamoja juu ya boneti ya gari na kuzisoma kidole kikitembea chini ya mistari. Alipomaliza alivua miwani. "Anyesi. Umeghushi."

"Ndiyo, mzee."

Kelele zilizofuata zilisikika hadi kisimani. Wambura alisema ameacha vibarua Mtera bila wa kuwasimamia. Tumsifu alisema amesafiri siku nzima kuja kudanganywa, na kwamba angeripoti. Wakaanza kulaumiana wao kwa wao, mambo yaleyale ya kwenye barua, sasa kwa midomo na kwa vidole. Wanakijiji kama thelathini waliokuwa wameketi kando na sururu zao walisikiliza. Anyesi alivumilia mpaka aliposikia mtu akitaja kifungu cha saba aya ya pili, hapo akalipuka.

"Basi!" alipiga kelele. "Mmekwishaandikiana hayo yote, ninayo kwenye faili, nimeyasoma mpaka nayaota. Kuna mmoja wenu aliyekwenda kuutazama ufa? Mmoja tu? Mmesimama kwenye magari yenu!"

Akawaacha, akaenda nyuma ya jengo na kuteremka ndani ya shimo. Siku nne kabla, Paskazia na wenzake walikuwa wamelichimba pale kando ya ukuta uliopasuka, kwa ombi lake. Lilikuwa na kina cha kimo cha mtu. Aliokota sururu iliyokuwa mle ndani akapiga chini, nalo jiwe la chini likalia kama kengele. Akapiga tena.

Tumsifu ndiye aliyekuja kwanza. Alichungulia, akaona udongo mweusi ukishuka ukutani mwa shimo, kisha mstari, kisha tabaka jeupe gumu kama chokaa iliyoganda. Alivua viatu vyake akavipanga vizuri pembeni, akashuka. Alishika udongo, akaufinyanga, akapapasa tabaka lile kwa kiganja. Aliposema, sauti yake haikuwa tena ile ya ofisini.

"Nani aliagiza shimo hili?"

"Hakuna aliyeagiza. Halikutangazwa gazetini."

Kijana akasema polepole, "Mama, ile ramani sikuichora mimi. Ilitolewa kabatini. Kampuni ilitaja bei ya chini ili ipate kazi, na katika bei hiyo safari za saiti hazimo. Leo nimekuja kwa sababu barua yako ilisema tunaombwa msamaha."

"Kumbe na wewe ni hivyohivyo!" Wambura alisema kutoka juu. Alikuwa amepiga magoti ukingoni, tumbo lake nene likimzuia kuinama. "Mimi nilidhani ni mimi tu niliyekata pua ili nipate tenda."

Hapo ndipo maneno yalipobadilika. Tumsifu alisema kama nguzo fupi za zege zingeshushwa mpaka kwenye tabaka lile jeupe, kila baada ya mita tatu, na kufungwa pamoja kwa boriti ya zege juu, kuta zingekaa hata udongo ungevimba vipi. Wambura alisema zege na nondo anaweza kuvimudu kama tofali za upande uliopasuka zitatumika tena, ila mashimo ya kina kile yangemmaliza. Paskazia, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alisema mashimo si tatizo, watu wa kuchimba ndio hawa, wanangoja tangu mwaka jana kuambiwa wachimbe wapi. Tumsifu alichora pale pale nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji, Wambura akimsahihisha, Anyesi akiwasahihisha wote wawili.

Kisha wote wakamgeukia Bartolomayo.

Mzee alikuwa amesimama peke yake kivulini mwa ukuta. "Hakuna fomu yake," alisema. Wambura alitoa sauti ya kukata tamaa, lakini mzee aliinua mkono. "Msinione mtu mbaya. Aliyekuwa katibu kabla yangu alitia sahihi jambo jema saiti, bila muhtasari. Alisimamishwa kazi na hakurudi. Mimi nina watoto wawili sekondari. Nani ana mkataba hapa?"

Wambura alikuwa nao garini, umefungwa kwenye nailoni, haujawahi kufunguliwa tangu siku ya sahihi. Bartolomayo aliusoma akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, watu wote wakimtazama kama wanaongoja matokeo ya mtihani. Ilipita karibu saa nzima. Karibu na mwisho kidole chake kilisimama. Kulikuwa na kifungu kilichosema hali ya ardhi isiyotarajiwa ikigunduliwa, wahusika wote wanaweza kukutana saiti na kukubaliana, mradi kuna muhtasari uliotiwa sahihi na wote. Alikisoma kwa sauti mara mbili.

"Kilikuwemo siku zote?" Anyesi aliuliza.

"Siku zote."

Alihisi machozi yakimlenga, machozi ya hasira tupu. Miezi tisa! Akageuza uso akajifanya anaangalia mbuzi.

Bartolomayo aliandika muhtasari juu ya boneti, wakatia sahihi, na Paskazia akatia pia, kwa sababu mzee alisema mchimbaji naye ni mhusika. Waliafikiana kukutana kila Alhamisi palepale. Isidhaniwe kwamba zilikuwa Alhamisi za amani. Wambura na Tumsifu waligombania unene wa nondo wiki tatu mfululizo. Wanakijiji walichimba mashimo mawili mahali pasipostahili, na Paskazia akakataa katakata kwamba ni kosa lao. Bartolomayo aliandika kila kitu, hata matusi, mpaka Wambura akamwomba ayafute. Lakini lililohitaji wiki kumi sasa lilichukua nusu saa, na pale lilipochukua saa nzima Anyesi alilalamika kama mtu aliyedhulumiwa.

Wodi ilifunguliwa mwezi wa tatu mwaka 1999. Siku moja kabla ya sherehe Paskazia alipita chumba hadi chumba, akasimama kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia, akanyoosha mikono akapima. "Machela haipiti hapa," alisema. Anyesi akavuta futi yake. Haikupita. Alimwita Tumsifu, Tumsifu akamwita Wambura, na kabla ya jioni mafundi walikuwa wamebomoa fremu na kuusogeza ukuta. Wageni walipofika kesho yake plasta ilikuwa bado mbichi, na mgeni mmoja wa heshima aliondoka na alama ya saruji begani. Katika hotuba walishukuriwa wengi. Anyesi hakutajwa. Alikuwa na onyo la maandishi katika faili lake kwa kughushi sahihi, na miezi mitatu baadaye, majina ya watumishi wanaopunguzwa yalipobandikwa ukutani, jina lake lilikuwa la nne. Paskazia alipopata habari alikuja Nzuguni kwa lori lilelile la mahindi, akakaa sebuleni kwa Anyesi mchana kutwa akiitukana serikali kwa Kigogo, jambo lililomfariji mwenye nyumba kuliko pole zote alizopewa.

Wambura hakungoja aombwe. "Mama, njoo kwangu," alisema. "Utanigombeza kwa mshahara." Kwa hiyo akaingia upande wa pili, akawa fomeni mkuu wa mkandarasi, na akagundua kwamba kuna mambo ya kukasirisha huko ambayo serikalini hakuyajua.

Mwaka 2002 Wambura alimpeleka kwenye semina ya siku mbili katika hoteli mjini. Ilikuwa juu ya njia mpya za ununuzi na ujenzi wa ubia: kwamba bei ya chini pekee isiwe kigezo, kwamba mchoraji, mjenzi na mwenye nyumba wakae pamoja tangu mwanzo. Mtoa mada alikuwa Tumsifu, sasa na tai na kitambi kidogo. Alichora duara tatu zinazoingiliana ubaoni. Chini yake akaandika "Makulusi", akaeleza jinsi wadau walivyokutana kwa hiari wakatatua tatizo kwa moyo wa ushirikiano.

Mtu wa mbele akauliza, "Na ni nani aliyeitisha kikao hicho?"

"Wadau wenyewe," alisema Tumsifu.

Anyesi alisimama kabla hajajua kwamba amesimama. "Niliitisha mimi," alisema, "kwa barua tatu za uongo. Na hiari haikuwepo. Wewe ulitaka kuniripoti."

Ukumbi uliangua kicheko. Tumsifu alimtazama, akamtambua, akaona haya kweli. Kisha akacheka naye, akawaeleza wote hadithi nzima kama ilivyokuwa, pamoja na viatu na shimo, na akasema bila yule mama pale nyuma wodi ile ingekuwa zizi. Anyesi alikaa. Mwandishi wa semina akageukia bango la karatasi, akafikiri kidogo, na chini ya mafunzo yaliyopatikana akaandika: "Mawasiliano bora."

"Mawasiliano bora," Anyesi alimnong'oneza Wambura. "Bwana, twende zetu."

Alipewa cheti. Methusela alitaka kukitundika sebuleni; Anyesi alimwambia akiweke popote apendapo, mradi asitoboe plasta yake. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa saiti, hapo hapo Nzuguni, kwenye madarasa mawili ya shule. Tofali zilizoletwa zilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Mwenye tofali alikuwa akimnyooshea fundi kidole, fundi akimnyooshea mhandisi, na mhandisi, kijana mpya, alikuwa anatafuta kalamu aandike barua. Anyesi alitua mkoba wake juu ya rundo la kokoto, akashusha pumzi, akawaita wote watatu wasogee.